Mbuzi wa Kubebeshwa Dhambi: Msemo wa Wanasiasa na Hukumu ya Qur'an Tukufu





Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na baada ya kumtakia rehema na amani Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w., tunapenda leo kuzungumza nanyi juu ya neno moja tu la Kiingereza. Huenda baadhi yenu mkajiuliza: msikitini pana haja gani ya kufundishana Kiingereza? Jibu letu ni kwamba maneno ya wanasiasa yana tabia ya kusafiri. Huanzia katika mabunge, yakapita katika magazeti na redio, na mwisho yakaingia katika vinywa vyetu na majumba yetu. Nasi huyatumia bila kujua yalikotoka wala yanakotupeleka.

Neno tunalolikusudia ni 'scapegoat'. Waandishi wetu wa Kiswahili hulifasiri kwa kusema 'mbuzi wa kafara', na mtu akifukuzwa kazi kwa ajili ya makosa ya wakubwa wake husemwa kwamba 'ametolewa kafara'. Lakini hata kabla ya tafsiri hiyo lugha yetu haikuwa maskini. Watu husema fulani 'kaangushiwa jumba bovu', na aliyeshitakiwa kwa jambo asilolitenda husemwa kwamba 'amebambikiwa kesi'. Wazee wakatuachia na methali isemayo kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Basi ugonjwa wenyewe ni wa wanadamu wote. Lakini jina hili la Kiingereza lina historia yenye mafunzo makubwa kwa kila Mwislamu, na ndiyo sababu tumelichagua.

Maana yake katika siasa ni hii: kosa limetendeka, au msiba umewafika watu, na watu wamekasirika wanataka mwenye kulipa. Mwenye kosa hasa yupo, lakini ana nguvu, ana jamaa, ana cheo. Basi hutafutwa mwingine aliye mnyonge, asiye na wa kumtetea, akatwishwa lawama yote. Watu wakamzomea, hasira zao zikapoa, na mwenye kosa akaendelea kukaa kitini pake.

Mbuzi wawili mlangoni pa hema

Asili ya neno hili imo katika Taurati waliyonayo Mayahudi na Wakristo, katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 16. Humo imeelezwa ibada ya Siku ya Upatanisho, iliyofanywa kila mwaka siku ya kumi ya mwezi wa saba. Kuhani mkuu, ambaye wa kwanza wao alikuwa Nabii Harun a.s., aliletewa mbuzi dume wawili mlangoni pa hema ya ibada, akawapigia kura. Kura moja ilikuwa ya Mwenyezi Mungu, na mbuzi aliyeangukiwa nayo alichinjwa. Kura ya pili ilikuwa ya Azazeli. Mbuzi wa kura hii hakuchinjwa. Kuhani aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa chake, akayakiri makosa yote ya Wana wa Israeli, akayaweka kichwani pa mnyama huyo, kisha akamkabidhi mtu aliyemwongoza mpaka jangwani akamwachilia huko.

Mishna, yaani mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200 wa Masihi, inaeleza jinsi ibada hii ilivyofanywa katika zama za hekalu la Yerusalemu. Mbuzi alifungwa uzi mwekundu wa sufu, akapelekwa mpaka kwenye genge refu, akasukumwa kinyumenyume; na kabla hajafika nusu ya mteremko viungo vyake vilikuwa vimekwisha kuvunjikavunjika.

Tunaomba mlishike jambo moja katika habari hii, kwani tutalirudia. Katika ibada ile hakuna aliyedai kwamba mbuzi ndiye aliyetenda dhambi. Kila aliyesimama pale alijua kwamba mbuzi ni mnyama tu, hana kosa, na kwamba makosa yanayotajwa ni ya watu wenyewe. Kuhani aliyasema kwa kinywa chake mbele ya kaumu nzima. Kwa hiyo msingi wa ibada ile ulikuwa ni kukiri.

Mfasiri aliyelizaa neno

Sasa neno la Kiingereza lilitoka wapi? Alikuwako mwanachuoni mmoja Mwingereza aitwaye William Tyndale. Katika zama zake haikuruhusiwa Uingereza kuifasiri Biblia kwa lugha ya watu wa kawaida bila ya idhini ya wakuu wa kanisa. Tyndale akaihama nchi yake, akafanya kazi hiyo ugenini, na mwaka 1530 tafsiri yake ya vitabu vitano vya Musa ikapigwa chapa mjini Antwerp. Alipolifikia neno Azazeli hakulichukua kuwa ni jina. Aliliona kuwa ni maneno mawili ya Kiebrania yaliyoungana, moja lenye maana ya mbuzi na la pili lenye maana ya kwenda zake. Na kabla yake wafasiri wa Kiyunani na Kilatini walikuwa wamepita njia iyo hiyo. Basi akaunga neno jipya la Kiingereza lenye maana ya 'mbuzi aponyokaye', na hilo ndilo 'scapegoat'.

Tafsiri mashuhuri ya Mfalme James ya mwaka 1611 ililishika neno hilo, likaenea popote Kiingereza kilipofika. Waingereza walipoisahihisha tafsiri yao mwaka 1885 walirudisha jina Azazeli mahali pake, na Biblia ya Kiswahili inayosomwa sana makanisani nayo husema Azazeli. Lakini neno la Tyndale lilikwisha kuingia katika ndimi za watu. Ajabu ni kwamba mbuzi aliyepewa jina la 'mwenye kuponyoka' ndiye aliyeishia kuvunjika chini ya genge. Na Tyndale mwenyewe hakuponyoka: alikamatwa, na mwaka 1536 akanyongwa na mwili wake ukachomwa moto karibu na Brussels.

Neno lilivyoingia katika siasa

Ilipofika karne ya 19 neno hili lilikuwa limetoka kanisani na kuingia katika mabaraza ya siasa. Lakini lilipovuka kizingiti hicho liligeuka. Mbuzi wa kuhani alibebeshwa dhambi peke yake, na watu walijua kuwa hana hatia. Mbuzi wa wanasiasa hubebeshwa dhambi na hatia pamoja. Huapishwa mashahidi juu yake, huandikiwa hukumu, na watu huambiwa: huyu ndiye aliyetenda. Kwa hiyo ibada iliyokuwa ya kukiri imekuwa hila ya kukana.

Jambo lenyewe lilikuwako hata kabla ya jina. Tauni kubwa ilipoenea Ulaya katika miaka ya 1348 na 1349, watu waliokufa hawakuwa na hesabu, na hakuna aliyejua sababu. Ukavumishwa uwongo kwamba Mayahudi wametia sumu visimani. Mjini Strasbourg, Februari 1349, mamia ya Mayahudi walichomwa moto. Na wao pia walikuwa wakifa kwa tauni kama wengine, jambo ambalo hata Papa Clement VI alilieleza, lakini wenye hasira hawakutaka kusikia.

Mfano mwingine ulio wazi ni wa Ufaransa. Mwaka 1894 ilipatikana barua iliyoonyesha kwamba kuna afisa wa jeshi anayeuza siri kwa Wajerumani. Wakuu wa jeshi wakamkamata kapteni mmoja, Alfred Dreyfus, kwa madai kwamba mwandiko wake unafanana na ule wa barua. Dreyfus alikuwa Myahudi, na chuki dhidi ya Mayahudi ilikuwa imeenea nchini. Majaji walipewa kwa siri mafaili ambayo mshitakiwa na wakili wake hawakuonyeshwa. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Tarehe 5 Januari 1895 alivuliwa alama za cheo chake hadharani, upanga wake ukavunjwa huku umati ukimzomea, kisha akapelekwa kisiwa cha mbali katika pwani ya Guyana.

Mwaka 1896 afisa mwingine, Georges Picquart, aligundua kwamba mwandiko ule ulikuwa wa meja mmoja aitwaye Esterhazy. Picquart hakuwa mpenzi wa Mayahudi. Lakini alikataa kuinyamazia kweli. Malipo yake yakawa kupelekwa mbali, Tunisia. Esterhazy alifikishwa mahakamani Januari 1898 akaachiliwa, na siku mbili baadaye mwandishi Émile Zola akatoa gazetini barua ya wazi kwa Rais akiwataja wakubwa waliohusika. Zola naye akashitakiwa, akakimbilia Uingereza. Dreyfus alisamehewa mwaka 1899, lakini hakutangazwa kuwa hana hatia mpaka tarehe 12 Julai 1906. Miaka kumi na miwili ilipita tangu akamatwe, na kwa muda mwingi katika hiyo wakubwa walikuwa wakiijua kweli! Kwa nini waliificha? Kwa sababu kukiri kosa kungeliaibisha jeshi. Waliona ni afadhali mtu mmoja asiye na hatia aoze kisiwani kuliko wenye vyeo kuona haya.

Qur'an Tukufu yamwondoa mbuzi

Ndugu wapenzi, tuitazame sasa Qur'an Tukufu. Katika sura tano mbalimbali, nazo ni Al-An'aam aya ya 164, Bani Israil aya ya 15, Faatir aya ya 18, Az-Zumar aya ya 7 na An-Najm aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba hapana mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenziwe. Sura Faatir inaongeza kwamba hata mtu aliyelemewa akimwita mwingine amsaidie mzigo wake, hautachukuliwa hata kidogo, ijapokuwa aliyeitwa ni jamaa yake wa karibu.

Wakristo wengi, tangu zama za kale, wamemwona mbuzi yule wa jangwani kuwa ni mfano wa Nabii Isa a.s., kwa itikadi yao kwamba alizibeba dhambi za watu. Tunawaheshimu jirani zetu, wala hatukuja hapa kuwakejeli. Lakini mafundisho ya Islam ni dhahiri: hakuna mbuzi, hakuna mtu, wala hakuna Nabii abebaye dhambi ya mwingine. Katika Sura Al-Ankabuut, aya ya 12 na ya 13, wametajwa watu waliowaambia waumini: fuateni njia yetu, nasi tutayabeba makosa yenu. Mwenyezi Mungu akawakadhibisha, akasema hawatabeba chochote katika makosa ya hao wengine. Bali wataibeba mizigo yao wenyewe pamoja na mizigo mingine juu yake, kwa sababu ya upotevu walioueneza.

Islam imekubakiza kukiri, na mbuzi imemwondoa. Anayetubu huliacha kosa, hulijutia, huazimia kutolirudia, na ikiwa amedhulumu haki ya mtu humrudishia mwenyewe. Baina yake na Mola wake hahitaji mnyama wa kumwekea mikono kichwani.

Deraya na mfuko wa unga

Wala Qur'an haikuishia katika kanuni peke yake. Katika Sura An-Nisaa, kuanzia aya ya 105 mpaka ya 113, ziko aya ambazo wafasiri wamesimulia sababu ya kuteremka kwake. Riwaya zinatofautiana katika baadhi ya mambo, lakini mashuhuri katika hizo ni hii.

Mjini Madina mtu mmoja wa ukoo wa Bani Ubayriq, aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa Waislamu, aliiba deraya ya jirani yake. Deraya ile ilikuwa ndani ya mfuko wa unga, na mfuko ulikuwa na tundu. Unga ukamwagika njiani ukaacha alama. Alipohofu kugunduliwa, aliipeleka deraya kwa Myahudi mmoja akaiweka kwake amana. Mali ilipopatikana kwa Myahudi yule, naye akaeleza ni nani aliyempa, jamaa za mwizi walikutana usiku wakashauriana. Wakamwendea Mtume Mtukufu s.a.w. wakamtetea mtu wao na kumtwisha Myahudi lawama. Walikuwa wengi, walikuwa wenyeji, na walikuwa wakisema kwa jina la Islam. Yule mwingine alikuwa peke yake na wa dini nyingine. Na Mtume s.a.w. alikuwa mwanadamu aliyehukumu kwa ushahidi wa dhahiri uliofikishwa mbele yake.

Hapo ndipo ulipokuja wahyi kutoka mbinguni, ukamsafisha Myahudi na kumfedhehesha mwizi! Mtume s.a.w. akaamrishwa asiwe mtetezi wa wahaini. Jamaa za mwizi wakaulizwa: mmewatetea katika maisha ya dunia, ni nani atakayewatetea mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama? Na katika aya ya 112 ikateremka hukumu ya jambo hili kwa wakati wote: mwenye kuchuma kosa au dhambi, kisha akamtupia asiye na hatia, huyo amejitwika uzushi na dhambi iliyo wazi. Tazameni usawa wa maneno. Yeye alidhani ameutua mzigo, kumbe ameuongeza: alikuwa na dhambi ya wizi, sasa ana na dhambi ya uzushi.

Tafakarini, ndugu zetu. Zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya kesi ya Dreyfus, Mwenyezi Mungu aliteremsha aya zinazosomwa hadi leo katika Sala zetu kwa ajili ya kumwondolea aibu Myahudi mmoja aliyesingiziwa na mtu anayejiita Mwislamu. Heshima ya jamii haikulindwa kwa kuficha kosa. Ililindwa kwa haki. Na katika Sura Al-Maaida aya ya 8 tumeonywa kwamba chuki yetu kwa watu fulani isitupeleke katika kutotenda uadilifu.

Hata shetani atakataa

Liko jambo jingine katika jina Azazeli. Katika vitabu vya tafsiri imepokewa riwaya kwamba Azazili ndilo lililokuwa jina la Iblisi kabla ya kufukuzwa. Na tukimtazama Iblisi katika Qur'an Tukufu tunamkuta kuwa ndiye wa kwanza kuitua lawama yake juu ya mwingine. Katika Sura Al-A'raaf aya ya 16, baada ya kuasi, alimwambia Mola wake kwamba Yeye ndiye aliyempoteza! Lakini Nabii Adam a.s. na mkewe, katika aya ya 23 ya sura hiyo hiyo, walisema kwamba wamejidhulumu nafsi zao, wakaomba msamaha. Hawakumtaja hata huyo shetani aliyewadanganya kweli kweli. Tangu siku ile wanadamu wamegawanyika katika njia hizi mbili.

Sisi Waswahili tuna maneno yetu ya mazoea. Mtu akishikwa na kosa husema: 'shetani alinipitia'. Basi na tujue kwamba hata shetani mwenyewe amekataa kuwa mbuzi wetu. Katika Sura Ibrahim aya ya 22 tumeelezwa kwamba, hukumu itakapokwisha kukatwa, shetani atawaambia wafuasi wake kuwa hakuwa na mamlaka yoyote juu yao ila aliwaita tu nao wakamwitikia. Kwa hiyo wasimlaumu yeye, wazilaumu nafsi zao.

Mfuko mwingine wa unga

Watawala nao wana mfano wao. Imesimuliwa kwamba usiku mmoja Hadhrat Umar r.a., akiwa Khalifa, alitoka nje ya Madina pamoja na mtumishi wake Aslam. Wakamkuta mwanamke amebandika chungu chenye maji matupu, na watoto wanalia kwa njaa, naye anawatuliza kwa tumaini la chakula kisichokuwapo. Mwanamke akamlalamikia Umar bila ya kumjua kuwa ndiye. Angaliweza kuwalaumu maofisa wake, au ukame, au hata mwanamke mwenyewe kwa kutokwenda kuomba. Hakufanya hivyo. Alirudi mbio mpaka kwenye ghala ya unga, akataka atwikwe mfuko mgongoni. Aslam akasema: nitakuchukulia mimi. Umar akamwuliza kama atamchukulia mzigo wake na Siku ya Kiyama pia. Akaubeba mwenyewe, akapika mwenyewe, wala hakuondoka mpaka watoto wameshiba.

Angalieni mifuko hii miwili ya unga. Mmoja ulibebwa usiku ili dhambi ya mwenye nguvu itupwe mlangoni pa mnyonge. Wa pili ulibebwa usiku na mwenye nguvu mwenyewe ili mnyonge apate kula.

Na sisi je?

Ndugu wapenzi, sisi Waislamu tunayo haki ya kulalamika juu ya jambo hili. Tarehe 19 Aprili 1995 jengo la serikali lilipolipuliwa katika mji wa Oklahoma huko Marekani na watu 168 wakauawa, vidole vya wengi vilielekezwa upesi kwa Waislamu. Aliyelipua alikuwa Mmarekani, askari wa zamani wa jeshi la nchi hiyo, Timothy McVeigh. Tarehe 22 Julai 2011 watu 77 walipouawa nchini Norwei, wapo waliokwisha kutoa hukumu dhidi ya Waislamu kabla ya kujulikana kwamba muuaji ni Mnorwei aliyekuwa adui mkubwa wa Waislamu. Mambo haya yanauma, na yafaa yasemwe.

Lakini malalamiko yetu yatakuwa na uzito gani ikiwa nasi tunafuga mbuzi wetu? Katika miaka ya 1990 na 2000, mashirika ya haki za binadamu yalieleza mara kwa mara habari za vikongwe waliouawa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza kwa kuitwa wachawi. Mtoto amekufa kwa malaria, ng'ombe amekufa, mvua haikunyesha. Basi anatafutwa bibi kizee mwenye macho mekundu. Na macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi kavu, kwa miaka mingi ya kuwapikia hao hao wanaomshitaki! Mwislamu yeyote aendaye kwa mganga ili aonyeshwe 'mbaya wake' ajue kwamba anaomba apewe mbuzi. Qur'an imetueleza kwamba watu wa Firauni walipopatwa na baya walidai ni nuksi ya Musa a.s. na walio pamoja naye. Hiyo ni desturi ya Firauni, si ya Mitume.

Na sisi wenyewe hatukusalimika. Baadhi yenu mnakumbuka mwaka ule ambapo fedha za mchango wa mabati ya msikiti huu zilionekana kupungua. Palikuwa na kijana aliyekuwa akifagia msikiti na kulala katika chumba cha nyuma. Hakuwa na ndugu hapa mjini. Hakuna aliyemwona akichukua chochote. Lakini alikuwa maskini, alikuwa karibu, na hakuwa na wa kumsemea. Sisi tuliokuwa katika kamati tulimwita, tukamhoji, tukamfukuza. Baada ya miezi kadhaa, hesabu zilipopitiwa upya, ikapatikana stakabadhi ya saruji iliyolipwa lakini haikuandikwa kitabuni. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na kosa la kalamu, nalo lilikuwa la mmoja wetu ambaye sote tunamheshimu. Nasi tukanyamaza, tukaona haya.

Mwaka huu wazee wawili walisafiri mpaka kijijini kwao. Kijana hawakumkuta, amekwenda kutafuta kazi mbali. Walimkuta mama yake. Wakampa fedha alizostahili kijana katika mshahara wake, wakamwomba radhi. Mama akapokea, kisha akasema kwamba yeye anataka jambo moja tu: mwanawe aliitwa mwizi mbele ya watu, basi mbele ya watu hao hao isemwe kwamba hakuiba. Tunalisema leo. Yule kijana hakuiba. Tulimdhulumu, na kosa lilikuwa letu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa maneno haya yatapigwa chapa na kufika mbali. Lakini ninyi mliokuwapo mnamjua, na atakayeonana naye tunamwomba amfikishie.

Nani aliye muflisi?

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliwauliza masahaba: muflisi ni nani? Wakasema ni asiye na pesa wala mali. Akawaeleza kwamba muflisi katika umati wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na Sala, na Saumu, na Zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya huyu, akampiga yule. Basi hawa watapewa katika mema yake. Na mema yake yakimalizika kabla hajamaliza deni, zitachukuliwa dhambi zao atwikwe yeye, kisha atupwe motoni. Wala hilo halipingi aya tulizozitaja, kwani yeye atakuwa analipa deni la dhuluma yake mwenyewe.

Hapo ndipo mwisho wa hila ya wanasiasa na ya kila mmoja wetu. Aliyedhani amempata mbuzi wa kubeba dhambi zake atajikuta siku ile amekuwa yeye mwenyewe mbuzi, na watu aliowasingizia wanasogea mmoja mmoja kuweka mizigo yao kichwani pake.

Kwa hiyo tunakuombeni, ndugu zetu. Fedha zikipungua nyumbani, msianze na msichana wa kazi. Chombo kikivunjika, msianze na mtoto wa kambo. Mambo yakiharibika katika nchi, msiharakishe kumtaja mgeni, wala kabila fulani, wala dini fulani. Na kosa likiwa letu, basi tuseme ni letu, tungali hai na wenye haki wangali wanaweza kutusamehe.

Ewe Mola wetu, tupe ujasiri wa kukiri makosa yetu, utulinde tusimtwishe asiye na hatia mzigo wetu, na uwape faraja wote waliosingiziwa. Amin. Na mwisho wa maombi yetu ni kwamba kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote.